Nani Aliulizwa? Daftari la Kambo na Haki za Mwandishi

Mwaka jana, mwezi wa saba, Yaya wangu mmoja wa Likasi alinitumia picha kwenye simu na maneno matatu tu: "Kambo amefika Ulaya." Picha ilikuwa ya ukurasa uliopigwa kwa mashine ya kuandikia, karatasi imegeuka rangi ya chai, majina yamepangwa kwa namba kutoka juu hadi chini. Nilisoma jina la tatu, la nne, la kumi na moja. Walikuwa watu wetu. Chini kabisa, kwa herufi mpya zisizo za ile mashine, mwenye tovuti alikuwa ameandika kwamba haki zote ni zake, na kwamba anayetaka kuona kurasa nyingine ishirini na moja alipe kila mwezi.

Kwanza nilicheka, halafu nikakasirika. Hasira yangu ilikuwa ile ya kawaida ya mwanafunzi wa lugha za Afrika: wametuchukulia tena. Niliandika hata mwanzo wa makala, mkali sana, nikitaka kuuleta katika jarida hili. Bahati nzuri sikuumaliza. Makala mnayosoma ni nyingine, kwa sababu wiki tatu baadaye nilijua kwamba nami nina mkono wangu katika jambo hili.

Kambo wangu, baba ya baba yangu, alikuwa katekista katika kijiji kisicho mbali na Kongolo. Alianza daftari lake mwaka 1951 na alilifunga mwaka 1974. Ndani yake aliandika ukoo: nani alimzaa nani, nani alihama ng'ambo ya Lualaba, nani alikufa bila mtoto, mahari gani ililipwa na ipi ilibaki deni. Aliandika kwa Kihemba alipotaja mambo ya nyumbani na kwa Kiswahili alipotaka kila mtu aelewe. Alikufa mwaka 1983. Daftari lenyewe lipo hadi leo, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa shangazi yangu mkubwa.

Mwaka 1958 padri mmoja aliliazima. Alikaa nalo miezi miwili, akapiga kwa mashine kurasa 22, akaweka namba mbele ya majina, akaongeza utangulizi wa Kifaransa, akalirudisha. Hili familia nzima inalikumbuka, na inalikumbuka kwa wema, maana alilirudisha. Padri alikwenda kwao na nakala yake, akafa mwaka 1971. Nakala ilipita mikono ya watu nisiowajua hadi ikaingia kwenye tovuti ya kulipia.

Mimi je? Mwaka 2023, nilipokuwa nakusanya data ya kazi yangu kuhusu majina ya kuzaliwa, nilipiga foto kurasa zote za daftari. Shangazi alinipa ruhusa ya kusoma. Ya kupiga foto hakunipa wala hakuninyima, kwa sababu sikumwomba. Halafu nikaziweka foto zote katika kundi la familia la WhatsApp, watu 64, ili wakubwa wanisahihishie tahajia. Walisahihisha kweli. Nilipata alama nzuri.

Sasa sikilizeni kilichokuwa ndani ya foto zile. Katika ukurasa wa tisa Kambo alitia msalaba mdogo wa wino mbele ya majina manne, wanawake watatu na mwanamume mmoja. Chini ya ukurasa aliandika neno moja la Kiswahili: *waliletwa*. Anayetoka upande wetu anaelewa. Nchi ile, kutoka Kasongo hadi Kongolo, ilipitiwa na misafara ya Tippu Tip na wenzake katika karne ya 19, na watu waliuzwa, waliwekwa rehani, waliachwa njiani. Wengi waliingizwa katika koo zilizowapokea, wakaoa, wakazaa, wakazikwa na wengine. Kambo hakutaka kusema uongo, wala hakutaka kusema zaidi. Alichagua kitenzi katika kauli ya kutendwa bila mtenda. Waliletwa na nani, kutoka wapi, kwa bei gani, neno halisemi. Nimesoma isimu miaka minne na sijaona kauli ya kutendwa iliyobeba mzigo mzito hivyo.

Padri naye alipofika ukurasa wa tisa aliliweka neno hilo kwa Kifaransa. Aliandika *esclaves*.

Mwezi wa nane, wakati wa kugawa mashamba ya kando ya mto, mtu mmoja alitoa simu mbele ya wazee na kuonyesha ukurasa ule wa Kifaransa. Alimwambia mama mmoja mzee, mjukuu wa mmoja wa wale wanne, kwamba yeye na watoto wake ni watumwa, hawana udongo pale. Upande wa mama ule ulipokataa na kusema kwamba Wazungu waliandika uongo, mtu huyo alitoa picha nyingine, ya daftari lenyewe, na misalaba minne ya wino. Picha ile nilipiga mimi. Kivuli cha kidole changu kinaonekana kwenye pembe ya chini.

Kesi bado iko kwa chifu.

Ndiyo maana nataka kusema kuhusu hakimiliki, lakini si kama nilivyotaka kusema mwezi wa saba. Kati yetu wanafunzi kuna imani mbili zinazotembea pamoja ingawa zinapingana. Ya kwanza: karatasi ya zamani haina mwenyewe, piga foto, weka kwenye intaneti, tunaokoa urithi. Ya pili: kila cha kwetu ni mali yetu milele, Mzungu akikigusa ameiba. Sheria haikubaliani na yoyote kati ya hizo, na inafaa tujue inasema nini kabla ya kulia au kujivuna.

Hapa kwetu sheria inayohusika ni Ordonnance-loi n° 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kambo alikufa 1983. Kwa hiyo daftari lake, kama ni kazi ya mwandishi, limelindwa hadi mwisho wa 2033. Wenye haki ni warithi wake, na kwa Sheria ya Familia ya mwaka 1987 watoto ndio wa kwanza. Kambo alizaa wanane. Watano wako hai: wawili kijijini, mmoja hapa Lubumbashi, mmoja Ndola, mmoja Ubelgiji. Mimi mjukuu, mwenye kamera na diploma, sina haki yoyote ya kutoa ruhusa wakati baba yangu na ndugu zake wapo. Sikuwa nimelifikiria hili hata dakika moja nilipokuwa nabonyeza simu.

Nimesema "kama ni kazi ya mwandishi" kwa makusudi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kwamba fulani ni mama ya fulani, hayo ni mambo yaliyotokea, na mambo yaliyotokea hayana mwandishi. Marekani Mahakama Kuu ilisema hivyo waziwazi mwaka 1991 katika kesi ya Feist, iliyohusu kitabu cha namba za simu: jasho la kukusanya majina na kuyapanga kwa alfabeti halimfanyi mtu kuwa mwandishi. Ulaya wamekwenda njia nyingine kidogo. Tangu 1996 mtu aliyetumia gharama kubwa kuunda hifadhidata anaweza kuilinda kwa miaka 15, hata kama yaliyomo si yake. Huenda mwenye tovuti anajificha nyuma ya hilo. Lakini kulinda hifadhidata nzima isinyonywe na mshindani ni jambo moja, na kuandika "haki zote ni zangu" chini ya maneno ya katekista wa Kongolo ni jambo lingine. Mashine ya kunakili haizai mwandishi.

Je, daftari la Kambo ni orodha tu ya namba za simu? Nasema hapana. Mahali anapoeleza kwa nini ndugu wawili waligawana kijiji, mahali anapochagua kusema *waliletwa* na si neno lingine, pale kuna mtu anayeandika. Orodha kavu ya majina mtu yeyote anaweza kuinakili. Maneno ya Kambo ni ya Kambo.

Na padri? Utangulizi wake wa Kifaransa ni wake. Kwa sheria yetu haki hiyo ilikwisha 2021 ilipomalizika. Kwa sheria ya Ubelgiji, inayohesabu miaka 70, itadumu hadi mwisho wa 2041. Karatasi moja inaweza kuwa huru Lubumbashi na kufungwa Brussels. Mfano ulio wazi zaidi ni kitabu ambacho baadhi yetu tumekikuta katika masomo ya mapokeo simulizi, *Nkutama a mvila za makanda*, kilichotolewa Tumba mwaka 1934 na Jean Cuvelier. Ni mkusanyo wa majigambo ya koo za Wakongo, nasaba ndani ya maneno ya sifa. Cuvelier alikufa 1962. Kwetu haki yake iliisha 2012. Kwao itaisha 2032. Watu wa koo zile wenyewe, waliosema maneno yale, na makatekista walioyapeleka kwa misheni kwa maandishi, katika hesabu hii hawana tarehe ya kufa kwa sababu sheria haikuwahi kuwahesabu kuwa hai.

Hapo ndipo ninapoona tatizo la kweli la hakimiliki katika kumbukumbu za nasaba, na ni tatizo la isimu kama lilivyo la sheria. Sheria inamtafuta mmoja aliyeshika kalamu. Nasaba husemwa na wengi, huandikwa na mmoja, hupigwa mashine na mwingine, na jina linalobaki kwenye jalada ni la yule wa mwisho. Karl Laman, Mswidi, alikuwa na madaftari zaidi ya 400 yaliyoandikwa na Wakongo wenyewe kwa Kikongo chao. Vitabu vinne vilivyotoka Uppsala kati ya 1953 na 1968 vinabeba jina la Laman. Hata Kiswahili chetu kinatuficha hapa. Kifaransa husema haki ya mwandishi. Sisi tumepokea kutoka Afrika Mashariki neno *hakimiliki*, na kila nilipolisema mbele ya shangazi alisikia *kumiliki* peke yake, akauliza: "Kwa hiyo ule padri alinunua?" Ningesema "haki za mwandishi" tangu mwanzo tungeelewana upesi.

Mji wetu unao mfano mzuri zaidi, na haujadiliwi vya kutosha. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji huu, historia ya Elisabethville kama walivyoiona watumishi wa nyumbani. Ilitolewa kwa stensili. Ingebaki hapo na kuliwa na mchwa, kama Johannes Fabian asingeitoa katika kitabu mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo, na baadaye ikawekwa kwenye intaneti ambako kila mwanafunzi wa hapa anaisoma bure. Kuhusu Yav mwenyewe kinachojulikana ni kidogo sana. Kwa hesabu kali ya sheria, mtu angeweza kusema: tafuteni kwanza warithi wake, kabla hamjachapa hata mstari. Mimi nashukuru kwamba haikusubiri. Jina la Yav liko kwenye kichwa cha kitabu kile, Kiswahili chake kimechapwa kama alivyokiandika, na tafsiri imewekwa kando yake ili msomaji aikague. Padri wa kwetu alifanya kinyume: aliondoa neno na kuacha tafsiri tu. Anayetaka kujua tofauti kati ya kuokoa maandishi na kuyameza ayaweke haya mawili pamoja.

Kwa hiyo siwaungi mkono wale wanaotaka kila kitu kifungwe. Najua walimu wanaotumia neno "hakimiliki" kama kufuli la kabati: kanda zipo, hakuna anayezisikia, kwa sababu ya haki za watu ambao hakuna aliyewahi kwenda kuwauliza. Heri Fabian. Wahemba tuna sababu ya pekee ya kuogopa kufuli na kuogopa mlango wazi kwa pamoja. Sanamu za mababu, zilizokuwa zikihifadhi kumbukumbu ya nani ni nani na udongo ni wa nani, ziliondoka kwa wingi hasa katika miaka ya 1970 kwenda kwa wakusanyaji. Nyingi zilifika bila majina. Leo mjukuu akitaka kumwona babu yake wa mbao inabidi afungue kitabu cha picha, ambamo mpiga picha ana haki zake, mchapishaji ana haki zake, na babu ana namba. Daftari la Kambo angalau lina majina. Sitaki lifungwe.

Lakini ruhusa ya mwandishi haitoshi, na hapa ndipo nilipokosea mimi, si mwenye tovuti. Chukueni kwamba watoto wote watano wa Kambo wametia saini. Haki za mwandishi zimeheshimiwa kabisa. Yule mama mzee bado anaambiwa mbele ya wazee kwamba hana udongo. Yeye si mrithi wa Kambo. Yumo ndani ya daftari tu. Sheria ya 1986 haimjui. Inayomjua kidogo ni Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu zinapowekwa katika mitambo, na hiyo wengi wetu hatujaifungua. Wabelgiji wana kanuni rahisi kwa vitabu vyao vya serikali: kizazi hufunguliwa kwa wote baada ya miaka 100, ndoa baada ya 75, kifo baada ya 50. Ni kanuni ya nchi ambayo kuzaliwa kwa bibi hakuamui nani alime wapi. Kwetu miaka 100 haitoshi kwa msalaba wa wino. Wale wanne waliletwa kabla ya 1900.

Walimu wetu, nawaomba jambo moja la kazi, si la falsafa. Rafu za maktaba yetu zimejaa kazi za wanafunzi zenye viambatisho vya nasaba, jina la mwanafunzi kwenye jalada, mtoa habari ametajwa kama "mzee, miaka 70, mkulima". Sasa kuna mpango wa kuziskani zote na kuziweka wazi. Naunga mkono mpango huo. Ila kabla ya viambatisho kupanda, kila mmoja wetu aliye hai arudishwe kwenye ukurasa wake ajibu: mzee huyu ni nani, alikubali nini, na katika orodha hii kuna mtu ambaye jina lake likisomwa kwa sauti kijijini atapoteza kitu? Kwa kiambatisho kisicho na jibu, weka kazi, acha kiambatisho rafuni, anayekitaka aje akisome kwa mkono. Na karatasi ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya mtoa habari. Ile tuliyonayo ni ya Kifaransa, na shangazi yangu angeitia saini kwa heshima tu.

Kuhusu tovuti, nimewaandikia. Sikudai pesa. Nilidai mambo mawili: jina la Kambo liwekwe juu, na neno *esclaves* lifutwe au liwekwe pamoja na neno lake la asili. Kwa hili la pili sheria imenisaidia kuliko nilivyotarajia, maana Mkataba wa Berne, ambao nchi yetu na Ubelgiji zimo, katika kifungu cha 6bis unampa mwandishi haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayoharibu heshima yake, na haki hiyo haifi naye. Walijibu kwa adabu, wakataka uthibitisho kwamba warithi wote wanakubali. Nina saini nne. Baba mdogo wa Ndola anasema atasaini siku nitakapomweleza nani alinituma kupiga foto.

Zile zangu nilizifuta kwenye kundi, ingawa kufuta huko ni kufagia mchanga jangwani. Halafu mwezi wa kumi na mbili nikapanda kwenda kijijini, na shangazi akanipeleka kwa yule mama mzee. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha na kumwambia kwamba nitaomba ukurasa wa tisa uondolewe kabisa, popote ulipo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama katika kitabu kile jina la bibi yake limeandikwa sawasawa. Nikamwonyesha. Akalisoma kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Usitoe," akasema. "Kama wewe unajua kuandika, andika kule alikotoka."

Nilimwambia kwamba Kambo hakuandika. Akasema basi niende Kasongo nikaulize.